Dagoni Peke Yako

SOMO LA 7

SABATO ALASIRI

Mafungu ya juma hili: Marko 6:30–48, Marko 6:7–9, Marko 4:35–41, 1 Wafalme 19:1–18, Yona 1, Zaburi 139:1–12, Mwanzo 39:7–12, Kutoka 16:22–30, Matendo 16:13, Yohana 21:1–14.

Fungu la kukariri: Marko 6:31. Lifungue katika Biblia yako, ulisome kwa sauti, na ulirudie kila asubuhi mpaka Sabato ijayo.

Watu wa pwani wana neno lao la kambi ya muda ya wavuvi: dago. Anayekwenda dago huacha nyumba na majirani, huvuka maji, na hukaa siku kadhaa ufukweni akivua, akipika na kulala chini ya turubai au kibanda cha makuti. Wavuvi wa Kojani, kule Pemba, wanajulikana kwa madago yao ya mbali, mpaka Mafia na pwani ya Kenya. Wengi huenda kwa kundi. Lakini yupo pia anayeondoka peke yake na ngalawa yake, hasa wakati wa tangambili, yaani kipindi ambacho kusi imelegea na kaskazi haijashika, mnamo Oktoba na Novemba, mvua za vuli zinapoanza.

Mtu huyo yuko katika hali ambayo wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam hatuijui. Hana wa kuzungumza naye. Usiku anasikia maji na upepo tu. Akifanya vema, hakuna wa kumsifu. Akifanya vibaya, hakuna wa kumkemea. Humo ndimo mtu hujijua.

Biblia imejaa watu waliokutana na Mungu wakiwa peke yao. Yakobo aliachwa peke yake kando ya kijito. Musa alikuwa nyuma ya jangwa na kondoo wa mkwewe. Eliya alikuwa pangoni. Bwana wetu mwenyewe alipanda chombo na kutafuta mahali pasipo na watu. Juma hili tutajiuliza: faragha ni ya nini? Inatofautianaje na kukimbia? Na imani yetu inabaki vipi pale ambapo hakuna kanisa, hakuna mzee wa kanisa, wala jirani wa kutuona?

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya kujiandaa kwa Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Chombo cha Kwenda Faraghani

Soma Marko 6:30–34 pamoja na Mathayo 14:10–13. Ni mambo gani mawili yaliyotangulia safari hii ya chombo?

Marko anatueleza kwamba wanafunzi walikuwa wamerudi kutoka kazini, na watu waliokuja na kwenda walikuwa wengi kiasi kwamba hapakuwa na nafasi hata ya kula. Mathayo anaongeza jambo la pili: habari za kifo cha Yohana Mbatizaji zilikuwa zimefika. Kulikuwa na uchovu, na kulikuwa na msiba. Yesu hakuwaambia wanafunzi wake wajikaze. Aliwaita wapumzike, akaingia chomboni pamoja nao.

Hali ile ya kukosa nafasi ya kula tunaijua. Mtu wa Mbagala au Tegeta anayefanya kazi mjini huamka usiku ili awahi daladala, na hurudi usiku watoto wamelala. Nyumba ya kupanga ina familia katika kila chumba, na ukuta haufichi kitu. Ukitaka kuomba kwa sauti, jirani anasikia. Ukitaka kulia, watoto wanakuona. Kwa watu kama hao wito wa Yesu haumaanishi safari ya starehe. Unamaanisha kwamba Bwana anajua mwili na moyo vina mwisho wa nguvu zake.

Hata hivyo pumziko lile lilikatizwa. Makutano walipita njia ya nchi kavu, wakafika kabla ya chombo. Yesu aliposhuka na kuwaona, aliwahurumia, akawafundisha, na jioni akawalisha. Wengi wetu tungeishia hapo na kusema kwamba pumziko limeshindikana. Lakini endelea kusoma.

Soma Marko 6:45–48. Baada ya kuwalisha watu, Yesu alifanya nini? Akiwa huko, aliona nini?

Aliirudia faragha iliyokatizwa. Aliwaaga watu, akapanda mlimani peke yake kuomba. Na kutoka kule mlimani aliwaona wanafunzi wakihangaika kupiga makasia, kwa maana upepo ulikuwa wa mbisho. Akawaendea. Faragha haikumfumba macho asiwaone wenye shida. Aliyekuwa peke yake na Baba ndiye aliyewaona walio katikati ya bahari.

Ni nani katika nyumba yako anayevuta makasia dhidi ya upepo, nawe hujamwona kwa sababu ya shughuli nyingi?

JUMATATU

Mzigo wa Msafiri

Soma Marko 6:7–9 na Waebrania 12:1. Kwa nini Yesu aliwapunguzia mzigo wanafunzi wake kabla ya safari?

Ngalawa ni chombo chembamba. Mwili wake huchongwa kutoka gogo moja, mara nyingi la mwembe, na mbao mbili za pembeni huizuia isipinduke. Anayekwenda dago peke yake hupima kila kitu: kafi, upondo, tanga, nanga na kamba yake, kopo la kutolea maji chomboni, mishipi na madema, sufuria, unga, chumvi, kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni, na juu ya yote maji ya kunywa. Amezungukwa na maji pande zote, lakini yale ya kwenye dumu ndiyo yatakayomweka hai.

Mbali na hapa wako watu wenye desturi inayofanana. Huko Ontario, Kanada, kuna hifadhi ya Algonquin iliyoanzishwa mwaka 1893. Mwezi Septemba na Oktoba, majani ya miti yanapogeuka mekundu na ya njano, mbu wanapokwisha na baridi ya usiku inapoanza kuuma, wako wanaosafiri huko peke yao kwa mtumbwi mwepesi na kulala kwenye hema. Ziwa moja likiisha, msafiri huubeba mtumbwi mabegani na kupita njia ya msituni mpaka ziwa linalofuata. Mwenye mzigo mdogo hupita njia ile mara moja. Mwenye mzigo mkubwa huipita mara tatu: anakwenda na mtumbwi, anarudi mikono mitupu, kisha anakwenda tena na vilivyobaki. Njia ni ile ile. Mzigo ndio unaoirefusha.

Wanafunzi walipotumwa, waliambiwa wachukue fimbo tu, bila mkate, mkoba wala fedha. Waebrania inataja vitu viwili vya kuwekwa kando: mzigo mzito na dhambi. Tuangalie kwamba vimetajwa kila kimoja peke yake. Kuna mizigo ambayo si dhambi, lakini inatuchelewesha. Simu si dhambi. Lakini anayeingia chumbani kuomba huku simu ikiita amebeba mtaa mzima pamoja naye.

Kupunguza mzigo si kuacha busara. Mvuvi mwenye imani husikiliza utabiri wa upepo na mawimbi unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, tahadhari ilitolewa mapema, na waliobaki nchi kavu hawakuwa wamepungukiwa na imani. Jaketi la kujiokolea si mzigo wa ziada. Wala si udhaifu kumwambia mtu mmoja pwani unakokwenda na siku utakayorudi.

Taja kitu kimoja ambacho si dhambi, lakini kinakufanya uipite njia ile ile mara tatu.

JUMANNE

Usingizi wa Watu Watatu

Soma 1 Wafalme 19:3–8, Yona 1:1–6, na Marko 4:35–39. Watu hawa watatu walilala. Usingizi wao ulitofautianaje?

Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti, akaomba afe, kisha akalala. Yona alilipa nauli, akashuka ndani ya merikebu, akalala usingizi mzito wakati mabaharia wakilia kila mtu kwa mungu wake. Yesu alilala kwenye sehemu ya nyuma ya chombo, kichwa kikiwa juu ya mto, dhoruba ikivuma.

Kwa macho, wote watatu walikuwa wamelala tu. Lakini Eliya alilala kama mtu aliyevunjika. Yona alilala kama mtu anayejificha. Yesu alilala kama mtu aliyechoka kwa kazi na anayemtumaini Baba yake.

Hapa tunapata mizani ya kupimia faragha yetu. Mtaani tunafahamu kwamba si kila mwanaume anayekwenda dago amefuata samaki. Wako wanaokwenda kwa sababu kodi ya nyumba imefika na fedha hakuna. Wako waliogombana na wake zao na hawataki kusema samahani. Wako waliokopa kwenye kikoba na wanajua siku ya marejesho. Bahari haiulizi maswali, kwa hiyo wanaipenda. Na hata sisi tusio wavuvi tuna bahari zetu: kijiwe, ofisi mpaka saa 3 usiku, hata shughuli za kanisani zinazotuweka mbali na nyumba yenye mgogoro.

Soma 1 Wafalme 19:9–18. Mungu alimtendeaje Eliya kabla ya kumwuliza swali? Alimwuliza mara ngapi? Kisha alimwamuru afanye nini?

Utaratibu wa Mungu unafundisha. Kwanza aliacha mtumishi wake alale. Kisha akamlisha, mara mbili. Swali la kwa nini yuko pale lilikuja baadaye, baada ya mwili kupata nguvu na safari ya siku 40. Swali hilo liliulizwa mara mbili, na mara zote mbili Eliya alijibu kwamba amebaki peke yake. Mungu hakubishana na huzuni yake, bali alimpa kazi, akamtajia mwenzake Elisha, na kumjulisha kwamba katika Israeli walikuwapo wengine 7,000 ambao hawakumsujudia Baali. Kisha akamrudisha kwa njia ile aliyoijia.

Faragha inayotoka kwa Mungu ina njia ya kurudi. Anayekwenda kupumzika huaga; anayekimbia huondoka kimyakimya. Anayepumzika hujua siku ya kurudi. Anayekimbia hujua siku ya kuondoka tu. Hata Yona, baada ya kutapikwa nchi kavu, alirudishiwa neno lile lile alilolikimbia.

Tuwe waangalifu katika kuwahukumu wengine. Ndugu aliyenyamaza na kujitenga anaweza kuwa Yona, naye anaweza kuwa Eliya. Malaika alimletea Eliya mkate na maji kabla ya maneno mengi. Kama kuna mtu katika kundi lenu la Shule ya Sabato ambaye hajaonekana kwa majuma kadhaa, mpelekeeni chakula kwanza.

Mungu akikuuliza leo kwa nini uko hapo ulipo, utajibu nini?

JUMATANO

Mahali Ambapo Hakuna Anayeona

Soma Zaburi 139:7–12 na Mwanzo 39:7–12. Mwandishi wa Zaburi anataja bahari na giza. Kwa nini vitu hivi viwili huwapa watu ujasiri wa kutenda mabaya?

Mfikirie mvuvi aliye dagoni peke yake kwenye fukwe za kusini, upande wa Kimbiji. Ni usiku wa tatu. Madema yametoa changu wachache na tasi, wasiotosha hata kumlipa mwenye ngalawa. Mtu anayemfahamu anapita na boti, anamwonyesha chupa iliyojazwa mlipuko na utambi wake. Dakika moja tu, anasema, na ndoo zote zitajaa. Hakuna nyumba karibu. Hakuna askari. Mwezi haujatoka.

Wakazi wa pwani ya Dar es Salaam waliwahi kuusikia mlio huo kutoka baharini kwa miaka mingi. Uvuvi wa baruti ni kosa kisheria, na madhara yake yanajulikana. Mlipuko huua samaki wakubwa na wadogo pamoja na mayai yao. Wengi kati ya waliokufa huzama, na mvuvi huokota sehemu tu ya alichoua. Matumbawe huvunjika, nayo hukua taratibu sana; yale makubwa ya mviringo huongezeka kwa takriban sentimita 1 kwa mwaka. Mtu anayelipua jiwe la matumbawe leo anavunja nyumba ambayo wajukuu wake hawataiona ikiwa imekamilika. Ndiyo maana tangu mwaka 1975 visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, vilivyo mbele ya Kunduchi na Msasani, vimetengwa kuwa hifadhi.

Yosefu alikuwa kijana, mtumwa, mbali na baba yake, ndani ya nyumba ambamo siku hiyo hapakuwa na mtu mwingine. Hakuwa na kanisa la kumfukuza wala ndugu wa kumlaumu. Sababu aliyoitoa ya kukataa haikuhusu kukamatwa. Alimtaja bwana wake aliyemwamini, kisha akamtaja Mungu. Na kwa kukataa kwake alipata jela. Tusiwafundishe watoto wetu kwamba uaminifu hulipwa jioni ile ile.

Zaburi 139 inaweza kusomwa kwa hofu: Mungu ananiona, nimekwisha. Lakini mwandishi anasema pia kwamba hata pande za mwisho za bahari mkono wa Mungu utamwongoza na kumshika. Jicho linalomwona mvuvi akishawishiwa ndilo linalomwona akiwa na njaa. Anayekataa chupa ile usiku hayuko peke yake, hata kama asubuhi ndoo yake itakuwa nyepesi.

Na tusiwaachie wavuvi somo hili. Mizani ya dukani, kitabu cha mapato ya kikundi, simu yenye nywila iliyo mkononi usiku: kila mmoja ana mahali pake ambapo hakuna anayeona.

Ni jambo gani ungelifanya kwa namna tofauti kama jirani yako angekuwa anakutazama? Kwa nini kutazamwa na jirani kuna nguvu kwako kuliko kutazamwa na Mungu?

ALHAMISI

Sabato Pasipo na Kanisa

Soma Kutoka 16:22–30, Luka 4:16, na Matendo 16:13. Israeli walikuwa jangwani, Paulo alikuwa mji wa ugeni. Waliitunzaje Sabato?

Bahari ina kalenda yake. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu huja bamvua, maji hujaa sana na kutoka sana. Katika pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Katikati huja maji mafu, ambayo hayasogei sana. Kila siku maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Wavuvi wa karabai hupenda giza la mwezi mchanga, kwa sababu mbalamwezi huwatawanya dagaa. Kwa hiyo kuna siku nzuri na siku mbaya za kuvua, na mvuvi hazichagui.

Sasa tuseme siku nzuri kuliko zote za safari ile imeangukia Sabato. Mvuvi wetu yuko peke yake. Hakuna kengele, hakuna wimbo, hakuna lesoni ya kundi. Jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, nalo linateremka. Maji ni mazuri. Kodi ya nyumba inadaiwa.

Jangwani Israeli waliambiwa waokote maradufu siku ya sita, wapike na kuoka mapema. Maandalio yalikuwa sehemu ya utii. Mvuvi anayetaka kuitunza Sabato dagoni huanza Ijumaa asubuhi: anapandisha ngalawa juu mahali ambapo bamvua haitaifikia, anachota maji, anakata kuni, anapika ugali na samaki wa kutosha, anatandaza nyavu zikauke. Jua linapozama mikono yake imetulia, na anaweza kufungua Biblia bila moyo kukimbilia majini.

Kisha inakuja siku yenyewe. Huko Filipi, Paulo na wenzake walitoka nje ya lango, wakaenda kando ya mto mahali palipokuwa na sala. Ukingo wa maji uliwatosha kuwa mahali pa ibada. Mtu mmoja mwenye Biblia, wimbo anaoujua kwa moyo, na anga lililojaa nyota hajanyimwa Sabato. Hata hivyo, Luka anatueleza kwamba ilikuwa desturi ya Yesu kwenda sinagogi. Sabato ya peke yako ni chakula cha njiani. Si sababu ya kuhama nyumbani. Anayegundua kwamba anafurahi kila mara dago likimwepusha na kanisa na arudie swali la Jumanne.

Je, Mungu atamrudishia samaki aliowaacha? Mana ya siku ya sita ilitosha kwa siku mbili, na hiyo ilikuwa ahadi kwa Israeli. Kwa mvuvi wetu hatuna fungu linalosema kwamba Jumapili madema yatajaa. Huenda akarudi na pungufu. Huenda akalazimika kumwendea mwenye nyumba na kuomba juma moja zaidi, na hiyo ni aibu ya kweli mbele ya mke na watoto. Waisraeli wengine walitoka siku ya saba kutafuta, wasione kitu. Kilichokuwa kikijaribiwa ni kama watu hawa wanaamini kwamba yupo anayewalisha, au wanadhani wanajilisha wenyewe.

Kanisa nalo lina sehemu yake. Ndugu akipungukiwa kwa sababu ya kuitunza Sabato, isiwe kwamba sisi tuliohubiri tunaitikia amina na kumwacha adaiwe peke yake.

Ni maandalio gani ya Ijumaa ambayo nyumba yako imeyaacha, na yamebadilishaje Sabato yenu?

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Yohana 21:1–14. Wanafunzi saba walivua usiku kucha wasipate kitu. Kulipopambazuka Yesu alikuwa amesimama ufukweni, wasimtambue. Aliwauliza kama wana kitoweo, akawaelekeza watupe wavu upande wa kuume, wakapata samaki wakubwa 153. Walipofika nchi kavu walikuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Bwana alikuwa amekwisha kuwapikia kabla hawajavuta wavu.

Yeyote aliyelala dago anaujua moto wa alfajiri. Mtu aliyelowa na kutetemeka, aliyekesha bila kupata kitu, haombi hotuba. Anaomba moto, na mtu wa kukaa naye. Ufukweni pale Yesu alifanya vyote viwili. Kisha, baada ya kula, ndipo alipozungumza na Petro juu ya upendo na juu ya kondoo. Ni utaratibu ule ule tuliouona kwa Eliya: pumziko, chakula, swali, kazi.

Si lazima uwe na ngalawa ili uitikie wito wa Marko 6:31. Mama anayeuza maandazi Tandika ana dakika chache kabla mafuta hayajachemka. Kijana wa Kunduchi anaweza kutembea ufukweni maji yakipwa. Mlinzi wa usiku ana saa nyingi ambazo mji umelala. Mgonjwa aliyelazwa ana saa ndefu ambazo hakuzichagua. Chagua mahali na wakati, mwambie mtu wa nyumbani kwako, punguza mzigo, nenda, kisha rudi. Familia nayo isaidie: mume amshikie mke watoto kwa saa moja ili naye apate dago lake. Mara nyingi tunawahubiria faragha watu ambao hatujawaachia nafasi ya kuipata.

Maswali ya kujadili:

1. Katika kundi lenu, orodhesheni dalili zinazoonyesha kwamba mtu anapumzika, na zile zinazoonyesha kwamba anakimbia. Mtamsaidiaje anayekimbia bila kumwaibisha?

2. Mvuvi ameyaacha madema yake majini tangu Alhamisi. Sabato yeye anapumzika, lakini madema yanaendelea kunasa samaki. Je, ayapandishe Ijumaa? Someni Kutoka 20:8–11 kabla ya kujibu, na msikilize kwanza mwenye kazi hiyo kama yupo kati yenu. Je, kuna biashara nyingine zinazofanana na madema hayo?

3. Mhubiri 4:9–12 inasifu kuwa wawili kuliko mmoja. Tunaipatanishaje na desturi ya Yesu ya kujitenga peke yake? Ni hatari gani zinazomkuta asiyekaa peke yake kamwe, na zipi zinazomkuta anayekaa peke yake daima?

4. Yesu aliwaona wanafunzi wakihangaika alipokuwa mlimani peke yake. Mmoja wenu asimulie wakati ambapo maombi ya faraghani yalimfumbua macho aone shida ya mtu mwingine. Alifanya nini baada ya kushuka mlimani?

5. Je, kuna mshiriki wa kanisa lenu ambaye kazi yake humweka mbali siku nyingi za Sabato: mvuvi, dereva wa lori, baharia, mlinzi? Amueni leo ni nani atakayempigia simu kabla jua halijazama Ijumaa ijayo, na kama amepungukiwa, kundi litamsaidia kwa kitu gani.